Stagg, Allen, Robinson au Conradt: ufuate njia ya kocha yupi kama umebebeshwa timu tatu peke yako

Kama we ni mwalimu wa michezo na mkuu wa shule kakukabidhi mpira, netiboli na riadha kwa pamoja halafu ikifika UMISSETA anataka makombe yote, najua kuna mtu keshakutupia ule wa mshika mbili. Sawa, ila wapo watu walioshika mbili, tatu, hata nne, na majina yao leo yako kwenye viwanja na kumbi za mashujaa wa michezo, wengi wao ni makocha wa vyuo vya Marekani wa zamani ambao walianza kama wachezaji wa michezo miwili mitatu, wakamaliza chuo, wakapewa filimbi na kuambiwa haya shika timu zote hizo mshahara ni mmoja.

Nimechukua wanne tu: Amos Alonzo Stagg, Phog Allen, Eddie Robinson na Jody Conradt. Wako wengi, Knute Rockne wa Notre Dame naye alifundisha riadha pamoja na futiboli, ila hawa wanne wametofautiana vizuri na kila mmoja anakupa njia yake. (Nikisema futiboli humu ni ile ya Kimarekani ya helmeti, sio soka yetu.)

Kwanza vigezo, ili tusije tukaishia kushabikia. Siwapimi kwa idadi ya ushindi. Stagg anahesabiwa ushindi 314 wa futiboli, Robinson 408, Allen 746 wa basketi, Conradt 900 wa basketi ya wanawake, sasa utalinganishaje wakati futiboli msimu mzima ni mechi kama kumi na basketi zinapita thelathini? Hiyo hesabu haikusaidii kuamua chochote. Naangalia vitu vinne: walicheza nini na walikuwa na ujuzi gani pembeni, nani aliwalipa na kwa masharti gani, walibeba timu ngapi na walizitua lini, na mwisho walitokaje kazini. Kwa maoni yangu hicho cha pili ndo kinaamua vingine vyote, lakini utaona mwenyewe.

WALICHEZA NINI KABLA YA FILIMBI

Stagg alizaliwa 1862 New Jersey, akasoma Yale. Alikuwa mrushaji wa besiboli hatari sana, kiasi kwamba timu za kulipwa zilimtaka akazikataa, na kwenye futiboli aliingia kikosi cha kwanza kabisa cha nyota wa Marekani yote, 1889. Alienda Yale akitaka kuwa mchungaji, akaona mimbarini hawezi kuongea vizuri, akahamia chuo cha YMCA pale Springfield, Massachusetts. Na hapo ndo kuna kitu nakipenda sana: Springfield ndiko James Naismith alikobuni basketi Desemba 1891, na tarehe 11 Machi 1892 ikachezwa mechi ya kwanza mbele ya watu, walimu dhidi ya wanafunzi. Walimu wakapigwa 5 kwa 1. Hilo goli moja la walimu alifunga Stagg, tena kaingia na jezi yake ya bluu ya futiboli ya Yale na anakumbatia watu kama yuko kwenye futiboli kweli. Yaani mtu mmoja ana michezo mitatu mwilini na wa tatu ndo kwanza una miezi mitatu duniani.

Allen yeye alicheza basketi chuo cha Kansas chini ya Naismith huyohuyo, na besiboli pia. Ila cha maana kwake sio hicho, ni kwamba baadaye aliacha ukocha kwa muda akaenda kusomea udaktari wa mifupa na viungo, ule wa kunyoosha kwa mikono. Shika hilo, tutarudi.

Robinson alizaliwa 1919 Jackson, Louisiana, akacheza futiboli chuo cha Leland kama kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi. Alipomaliza hakukuwa na kazi ya ukocha inayomsubiri mtu mweusi Louisiana, akaenda kufanya kazi kwenye kinu cha chakula cha mifugo Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa.

Conradt ni wa Goldthwaite, Texas, kijimji kidogo, alizaliwa 1941. Shule ya sekondari alikuwa anafunga wastani wa pointi 40 kwa mechi, enzi za basketi ya wasichana ya watu sita ambapo watatu wanashambulia upande mmoja na watatu wanalinda upande mwingine hawavuki mstari wa kati. Akaendelea kucheza chuo cha Baylor. Hakukuwa na ligi ya kulipwa ya kumchukua, kwahiyo akawa mwalimu.

NANI ALILIPA NA KWA MASHARTI GANI

Hapa naomba usome taratibu.

Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua milango 1892 na rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa amemfundisha Stagg Yale. Akamtaka. Hakumpa tu kazi ya ukocha, alimpa uprofesa, mkuu wa idara ya mazoezi ya mwili, kwa dola 2,500 kwa mwaka, na ajira isiyoondolewa kwa sababu ya kufungwa Jumamosi mbili mfululizo. Watu wanataja mambo aliyobuni Stagg, kama lile godoro lililokunjwa la kujifunzia kukaba, wanasahau kwamba mtu anabuni vizuri akiwa hana hofu ya kufukuzwa. Akibadilisha mbinu ikafeli, Jumatatu bado ni profesa. Ndo maana aliweza kushika futiboli, besiboli na riadha kwa miaka na miaka. Huo mwaka wa kwanza wachezaji walikuwa wachache mpaka akaingia uwanjani kucheza mwenyewe.

Allen hakuwa na kinga ya namna hiyo, yeye kinga yake ilikuwa cheti cha udaktari. Msimu wa 1908/09 alikuwa anafundisha basketi vyuo vitatu kwa wakati mmoja, Kansas, Baker na Haskell, vyote viko karibukaribu mashariki mwa Kansas lakini hata hivyo, vyuo vitatu! Hapo ndo akaona aende akasome. Aliporudi kwenye ukocha alikuwa na kazi mbili zenye thamani, ukimfukuza anafungua kliniki kesho yake, na wachezaji wa besiboli wa kulipwa walikuwa wanamfuata awatibu mabega na migongo. Timu ikimpenda sawa, isipompenda hafi njaa.

Robinson mkataba wake ulikuwa mtu. Mwaka 1941 chuo kidogo cha watu weusi kaskazini mwa Louisiana, ambacho baadaye kikaitwa Grambling, kilimchukua akiwa na miaka 22, mshahara dola 63.75 kwa mwezi. Rais wa chuo Ralph Waldo Emerson Jones mwenyewe alikuwa anafundisha besiboli ya chuo (kwahiyo usilalamike sana kuhusu mkuu wako). Robinson alipewa futiboli na basketi na kila kilichobaki: kukata majani uwanjani, kuchora mistari, kufunga wachezaji bandeji vifundoni, kuandika habari ya mechi apeleke gazetini, na kutengeneza sandwichi za safari kwasababu njiani mikahawa ya wazungu haikuwa inauzia weusi. Msimu wa kwanza alishinda tatu akafungwa tano. Jones hakumgusa. Msimu wa pili, 1942, wakashinda mechi zote tisa na hakuna aliyewafunga hata pointi moja.

Conradt aliingia vyuoni 1969, kabla ya ile sheria ya Marekani ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, Title IX. Kwahiyo aliikuta michezo ya wanawake ikiwa haina hela. Pale chuo cha Sam Houston State alipewa basketi, voliboli na riadha, akahamia chuo cha Arlington, hukohuko Texas, bado akawa na basketi, voliboli na softiboli. Kwake yeye timu tatu maana yake ilikuwa chuo kinaokoa mishahara miwili, tusipambe. Mambo yalibadilika 1976 alipochukuliwa na Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, ambako Donna Lopiano alikuwa anajenga idara ya michezo ya wanawake yenye bajeti yake na bosi wake.

TIMU NGAPI NA WALIZITUA LINI

Stagg alitua polepole sana. Besiboli alikaa nayo hadi 1913, riadha akaendelea nayo muda mrefu kuliko hapo, na 1924 alikuwa miongoni mwa makocha wa riadha wa Marekani kwenye Olimpiki ya Paris, basketi aliishika msimu mmoja tu wa 1920/21. Futiboli ndo hakuiachia kamwe. Faida yake ni kwamba mkimbiaji wake wa majira ya kuchipua alikuwa mchezaji wake wa futiboli majira ya vuli, anamjua mtoto mwaka mzima, hakuna kugombania mchezaji na kocha mwenzake maana kocha mwenzake ni yeye.

Allen alichagua mapema na hakuangalia nyuma. Alirudi Kansas 1919 kama mkurugenzi wa michezo, na 1920 akashika futiboli msimu mmoja, ambao una mechi moja wanaikumbuka hadi leo: Nebraska wanaongoza 20 kwa 0 hadi mapumziko, ikaisha 20 kwa 20, na moto wa siku ile ukasaidia kuchangisha hela za uwanja mpya. Mtu mwingine angesema hee kumbe naweza futiboli, akaendelea. Yeye akairudisha, akabaki na basketi mpaka 1956. Mwaka 1941 na 1942 akasaidia besiboli basi. Nadhani hiyo ndo busara yake kubwa kuliko ubingwa wa taifa alioupata 1952. Na uone alichopanda: Adolph Rupp na Dean Smith, ambao wote walikuja kuwa makocha wakubwa kuliko hata yeye kwa makombe, walikuwa wachezaji wake Kansas.

Robinson alishika basketi hadi katikati ya miaka ya 1950 halafu akabaki na futiboli. Ila kuna kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia, 1943 na 1944, chuo hakikuwa na futiboli kabisa, akashuka kufundisha timu ya sekondari ya palepale Grambling. Baba mmoja akawatoa wanawe wawili kwenye timu waende kuchuma pamba. Robinson hakwenda kugombana, alichukua timu nzima wakaingia shambani wakachuma pamba ya mzee mpaka ikaisha, vijana wakarudi mazoezini. Ukishakuwa kocha wa hivyo kijijini hiyo idadi ya timu inakuwa kitu kidogo, we ni kocha wa familia nzima. Miaka mingi baadaye bado alikuwa anapita kwenye mabweni alfajiri na kengele ya ng'ombe anawaamsha wachezaji waende darasani. Zaidi ya wachezaji wake 200 waliingia futiboli ya kulipwa, na Doug Williams, kwotabeki wake, alishinda Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya kulipwa, Januari 1988 na kutangazwa mchezaji bora wa mechi.

Conradt alitua pale alipopewa nafasi tu. Texas alianza na basketi na voliboli zote mbili, baada ya muda mfupi akabaki na basketi, na miaka kumi baada ya kufika, 1986, timu yake ikashinda mechi zote 34, ubingwa wa kwanza wa wanawake wa NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) bila kufungwa hata mechi moja. Halafu kuna jambo watu hawalitaji sana, mwaka 1992 akawa mkurugenzi wa michezo ya wanawake huku bado anafundisha, na katika miaka hiyo ya 1990 Texas ikaongeza soka, softiboli na kupiga makasia kwa wanawake, kila timu na kocha wake. Yaani yule aliyebebeshwa timu tatu ndo aliyekuja kusaini ajira za makocha watatu tofauti.

WALITOKAJE

Hiki kigezo watu wanakiruka na ndicho kinachouma.

Stagg alifika miaka 70 mwaka 1932 na Chicago ikamwambia umri wa kustaafu umefika. Uprofesa uliomlinda miaka 40 ndo huohuo uliokuja na tarehe ya mwisho. Angeweza kukaa nyumbani. Akapanda treni akaenda College of the Pacific, Stockton, California, akafundisha hadi 1946, na 1943 akiwa na miaka 81 makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka. Halafu akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe pale chuo cha Susquehanna, halafu akarudi Stockton kufundisha wapiga mateke chuo kingine kidogo hadi ana miaka 98. Alifariki 1965 akiwa na 102. Chicago kwenyewe walifuta futiboli 1939, na chini ya majukwaa ya uwanja wenye jina lake ndiko Enrico Fermi na wenzake walikowasha mtambo wa kwanza wa nyuklia, Desemba 1942.

Allen yaliyomkuta ni yaleyale, tena mabaya zaidi. Alikuwa amehangaika kumleta Wilt Chamberlain, kijana hatari wa basketi, kutoka Philadelphia, na enzi zile mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kuchezea timu kubwa. Wilt yuko kwenye mwaka wa kusubiri, Allen anatimiza 70, sheria ya kustaafu inamkuta, 1956 anatoka. Msimu uliofuata Wilt anacheza chini ya kocha mpya, Dick Harp, wanafika fainali na kupoteza kwa North Carolina 54 kwa 53 baada ya nyongeza tatu za muda. Mzee anaangalia. Lakini alikuwa na kliniki yake, na ukumbi wa Allen Fieldhouse ulishafunguliwa 1955 akiwa bado kazini.

Robinson alikaa Grambling hadi 1997, chuo kimoja tangu 1941. Misimu mitatu ya mwisho alifungwa zaidi ya alivyoshinda, na mwaka 1996 kulikuwa na presha ya kumtoa mpaka watu wakapiga kelele apewe msimu mmoja wa kuaga. Rais Jones alishaondoka kitambo. Mkataba ukiwa ni mtu, mtu huyo akiondoka unabaki na heshima ya watu tu, ambayo ni kubwa lakini haina sahihi.

Conradt aliondoka mwenyewe 2007, timu ilikuwa imekosa mashindano ya taifa mara mbili mfululizo, akajiuzulu ana ushindi wake 900. Katika wanne ndo alitoka kwa utulivu zaidi, labda kwasababu alishakaa upande wa pili wa meza kama mkurugenzi na alijua mambo yanaendaje.

KILA MMOJA ANAMFAA NANI

Stagg anamfaa mwenye ajira ya kudumu. Kama we ni mwalimu wa serikali mwenye cheki namba, hautegemei kombe ili ule, basi una alichokuwa nacho Stagg kwa kiwango chako na unaweza kubeba timu nyingi miaka mingi ukajaribu vitu. Hakufai kama unaishi kwa mkataba wa mwaka mmojammoja wa shule binafsi, hapo timu tatu ni njia tatu za kufukuzwa.

Allen anakufaa we mwenye ujuzi wa pembeni au uwezo wa kuusomea: fiziotherapi, lishe, hata ualimu wa somo lenye soko. Ana gharama moja, lazima uache timu ambayo inafanya vizuri, na si kila mtu ana moyo huo. Vilevile kama we raha yako ni ubunifu wa kurukaruka mchezo hadi mchezo, Allen atakuchosha.

Robinson ni wa sehemu ambayo hakuna kitu na bosi anakuamini. Njia yake inakula maisha, nasema ukweli, familia yako lazima iwe tayari, na usiifuate kama mkuu wako anabadilishwa kila baada ya miaka miwili.

Conradt anamfaa aliyebebeshwa kwasababu kitengo chake kinadharauliwa, na hili kwa akina dada wanaofundisha michezo ya wasichana mashuleni wanalijua kuliko mimi. Alihama mara mbili mpaka akafika mahali penye bajeti. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inahitaji pa kuhamia, na pale unapotoka unaacha watoto bila kocha.

SASA WE UKO WAPI

Kama ndo umeanza, chini ya miaka mitatu kazini, na hakuna anayejua mchezo gani unauweza: chukua timu zote kama Stagg lakini weka tarehe ya kupima kama Allen, mwisho wa msimu wa pili uwe umeshajua ipi unaitua.

Kama una timu inayoshinda na mbili zinazosuasua, usizibebe hizo mbili kwa aibu. Tafuta mwalimu kijana aliyecheza huo mchezo, mkabidhi na umsimamie.

Kama mkuu anakuongezea timu bila kuongeza hata posho, kabla ya kukubali au kukataa mwombe akuandikie kwenye karatasi nani ananunua mipira, nani analipa nauli ya mashindano na vipindi vyako vya darasani vinapungua vingapi. Akiandika, una mazingira ya Robinson na Jones. Akikataa kuandika, anza kuangalia pa kuhamia, maana uko Sam Houston ya 1969.

Na kama we ni mkimbiaji unayetafuta skolashipu ya kwenda vyuo vya kule, ujue hii habari haijaisha. Vyuo vikubwa siku hizi kila mchezo una kocha wake, lakini kwenye mbio NCAA inahesabu nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje kama michezo mitatu tofauti, ongeza wanaume na wanawake unapata timu sita ambazo mara nyingi ziko chini ya mkurugenzi mmoja. Henry Rono, mkimbiaji wa Kenya, alipokuwa chuo cha Washington State alichukua ubingwa wa nyika, wa ndani na wa nje. Kwahiyo kocha akikupigia simu muulize mapema: anakutaka kwa misimu mitatu yote au mmoja, nani anakupangia mapumziko katikati, na skolashipu inaendeleaje ukiumia kwenye nyika mwezi wa kumi na moja.